Kocha Aliyesadiki Neno Langu

Timu ya mpira ya chuo chetu pale Nizwa, Oman, haikuwa na kocha wa kusomea. Ilikuwa na fundi wa maabara ya kemia. Asubuhi alivaa koti jeupe, akaosha chupa za kioo na kuwakaripia wanafunzi waliomwaga dawa kwenye meza. Baada ya sala ya alasiri alivua koti, akavaa suruali ya mazoezi na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, akateremka uwanjani. Nijuavyo mimi, hakuna aliyemteua. Aliyekuwa kocha kabla yake alihama, timu ikakaa wiki tatu bila ya mtu, na yeye akaja siku moja kututazama, amesimama nyuma ya wavu. Siku ya pili akaja na filimbi. Akabaki miaka tisa.

Wanafunzi walimwita Kocha, na wahadhiri walimwita Kocha. Hata mkewe, ukipiga simu nyumbani kwao Birkat al Mauz, alikujibu, "Kocha wenu kalala, nimwamshe?"

Mimi nilikuwa golikipa wake kwa misimu mitatu. Nataka kumweleza kama nilivyomjua, na itanibidi nieleze na jambo nililomfanyia, kwa sababu nikilificha hilo nitakuwa nimeeleza mtu mwingine.

Maabara ilimfuata uwanjani. Kila kitu chetu kilikuwa na maandishi yake. Chupa za maji zilikuwa na majina, fulana za mazoezi zilikuwa na tarehe ya kufuliwa, na mipira mitano tuliyokuwa nayo aliiandika yote kwa wino usiofutika. Mmoja ulisema, "Mzito, wa vichwa." Mwingine ulisema, "Unavuja, usiuamini." Filimbi ilining'inia shingoni mwake mwaka mzima, nami sikumsikia akiipuliza hata mara mbili. Akitaka kusimamisha mazoezi alipiga makofi mawili. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Maabarani ukipiga kelele mtu huangusha kitu."

Timu nzima alisema nayo kwa Kiarabu. Kiswahili alituwekea sisi watatu tuliokuwa nacho nyumbani, watoto wa watu waliorudi kutoka Mwanza, Tabora na Bujumbura. Chake kilikuwa Kiswahili cha mjini Unguja, cha watu wa zamani, kimekaa sawasawa kama nguo iliyopigwa pasi. Chetu kilikuwa vipande. Tulijua majina ya vyakula, tulijua kusema shikamoo, tulijua matusi machache, na ngeli tulizikanyaga zote. Alikuwa hastahimili. Mazoezi yanaendelea, mtu anapiga kelele, "Mpira imetoka," na yeye kutoka upande wa pili wa uwanja anajibu bila hata ya kugeuka, "Umetoka. Mpira ni kama mti. Umetoka, umeingia, umepasuka. Iliyoingia ni chai." Kiswahili hiki ninachoandikia, kabla sijakwenda kufanya kazi Dar es Salaam miaka mitatu, nusu yake niliipata pale, juu ya nyasi za plastiki zilizokuwa zikituunguza magoti.

Mazoezi yake hayakuwa na refa. Ukiushika mpira kwa mkono, unanyoosha mkono mwenyewe. Ukimchezea mwenzako vibaya, unasimama mwenyewe na kumpa mpira. Wapya walidhani ni mchezo wa watoto. Mmoja alikuwa mshambuliaji hodari kutoka Manah, aliyeugusa mpira kwa kiganja akaendelea kukimbia mpaka akafunga. Kocha alipiga makofi mawili, tukasimama. Tulisimama juani, kumi na wanane sisi, mpaka yule bwana aliponyoosha mkono wake. Hesabu ya dakika sinayo, lakini nakumbuka jasho lilikauka mwilini mwangu. Baadaye Kocha alimwambia, "Refa ana macho mawili tu na anakimbia. Wewe unajua. Kazi ya kujua ni yako."

Sasa mtu huyo huyo alikuwa akimdanganya mkewe kila siku. Daktari alimkataza sukari, na mkewe alikagua mifuko yake kama askari wa uwanja wa ndege. Basi halwa yake aliificha ndani ya sanduku la huduma ya kwanza, chini ya bandeji. Siku moja beki wetu alichanika nyusi, nami nikakimbilia sanduku, nikatoa kopo la halwa mbele ya timu nzima. Kocha akalichukua mkononi mwangu taratibu. "Hiyo ni ya dharura," akasema. Akaendelea kumfunga yule beki nyusi.

Na mtu aliyetufundisha utulivu hakuweza kutazama penalti. Zikianza alitupa mgongo, akatazama kwenye maegesho ya magari, akamwekea mchezaji wa akiba mkono begani. "Niambie," alisema. Mchezaji wa akiba alimweleza kila mpira, nasi tuliokuwa uwanjani tuliona mgongo wake tu, na kofia yake ikipanda na kushuka kwa pumzi.

Alikuwa na rafiki mmoja. Marafiki wa salamu alikuwa nao wengi, lakini wa rohoni alikuwa mmoja, naye alikuwa kocha wa timu ya chuo cha Sur. Walilelewa mtaa mmoja Unguja, walicheza pamoja pekupeku, na walikuja Oman mmoja baada ya mwingine. Yule wa Sur alisomesha mazoezi ya viungo maskulini kabla ya kuchukua timu. Walipigiana simu kila jioni baada ya mazoezi. Tukiwa tunakusanya mipira tulimsikia Kocha ndani ya gari lake akibishana: nani kamtoa nani mapema, nani kampanga mtu si mahali pake. Sauti ilikuwa ya ugomvi, na uso ulikuwa wa mtu anayekula kitu kitamu. Timu zetu zilipokutana, walikaa benchi mbalimbali kwa dakika tisini, halafu wakala pamoja sahani moja.

Msimu ninaotaka kuueleza ulianza vibaya. Mechi ya kwanza tulikwenda Ibra, wakatufunga manne, na mawili kati ya hayo mtoto angeyadaka. Njia nzima ya kurudi nilikaa kiti cha nyuma nimejifunika taulo usoni. Siku ya pili nilimwendea maabarani nikamwambia amtafute golikipa mwingine. Alikuwa anapanga chupa. Akasema, "Nisubiri uwanjani."

Alikuja peke yake na mfuko wa mipira. Akaenda akasimama golini, na kofia yake kichwani, akaniambia nipige. Nilipiga kwa heshima. Akasema, "Piga mpira, usinisalimie." Nikapiga kweli. Alijirusha, mzee wa umri ule, akaanguka kama gunia, mpira ukapita. Akainuka, akajifuta. Wa pili ukapita. Wa tatu ukampiga kifuani ukaingia. Wa nne hakuuona kabisa. Alikuja mpaka niliposimama, anahema, kiwiko chake kinatoka damu.

"Nimefungwa mangapi?"

"Manne, Kocha."

"Mie bado ni kocha?"

"Naam."

"Basi na wewe bado ni golikipa. Alkhamisi unacheza."

Tangu siku hiyo sikutaka kitu duniani zaidi ya kumfurahisha. Nalisema hili si kwa kujitetea. Nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alkhamisi tulishinda. Tukashinda na iliyofuata, tukatoka sare, tukashinda tena. Wahadhiri ambao hawakuwahi kuja uwanjani wakaanza kuja na viti vyao. Mechi ya mwisho kabla ya fainali ikawa ni ya Sur, kwao. Sisi sare ilitutosha kuingia fainali. Wao walikuwa hawana budi kushinda.

Sur siku hiyo kulikuwa na unyevu, nguo zilitugandia mwilini kabla hata ya mpira kuanza. Walitufunga mapema, tukarudisha kipindi cha pili. Zikabaki dakika chache. Wakapata kona. Walikuwa na mshambuliaji mmoja mrefu, mpole, nambari tisa, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho kama mimi. Mpira ulikuja, akaruka juu ya mabeki wetu wote, akaupiga kichwa kuelekea chini. Niliudaka nikianguka kinyumenyume. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala, mpira umenikaa kifuani, na mstari mweupe wa goli nikauona mbele ya miguu yangu. Mwili wote ulikuwa ndani. Mpira ulikuwa ndani. Nikajivuta mbele upesi, nikainuka, nikaupiga mbali.

Refa alizibwa na miguu ya watu. Mshika kibendera alikuwa mbali. Mwanafunzi mmoja alikuwa akirikodi kwa simu nyuma ya goli, na rikodi yake ilionyesha mgongo wangu tu. Mpira ukaendelea, filimbi ya mwisho ikalia, sare, bao moja kwa moja.

Wachezaji wao walimzunguka refa. Nambari tisa hakwenda. Alisimama karibu na mlingoti wa goli, akanitazama, halafu akainama kufungua viatu vyake.

Kocha wa Sur hakumwendea refa. Alikuja moja kwa moja kwa rafiki yake. "Umeingia," alimwambia kwa Kiswahili. "Umeingia wote, na kijana wako anajua. Muulize."

Kocha akaniita. Nilikwenda. Nyuma yake ilikuwa timu yetu nzima, nyuma ya rafiki yake timu yao, na watu wa kamati pembeni. Aliniuliza polepole, kama anayeniuliza jina langu.

"Mpira uliingia?"

"Haikuingia, Kocha."

"Haukuingia," akanisahihisha. Kisha akamgeukia rafiki yake, akalirejea lile neno kwa ufasaha wake wote. "Haukuingia. Umesikia? Kijana wangu hasemi uwongo. Ukisema uliingia, mwongo ni wewe."

Alilirejea kwa Kiarabu ili watu wote wafahamu. Uso wa yule bwana wa Sur ulibadilika. Alitazama chini kidogo, akaondoka. Siku hiyo kila mmoja alikula peke yake.

Fainali tuliicheza Ibra, na tulishinda kwa penalti. Nilidaka mbili. Ya mwisho niliposimama nayo mkononi nilimwona Kocha anageuka kutoka kwenye maegesho na machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Kikombe alikiweka maabarani, ndani ya kabati la kioo, kati ya chupa za dawa.

Baada ya hapo simu za jioni hazikuwapo tena. Tulikusanya mipira, na yeye alikaa ndani ya gari kimya, mlango wazi, mguu mmoja nje. Tulidhani yatapita. Mimi nilijua kwa nini hayapiti, nikanyamaza. Nilimaliza chuo, nikapata kazi Maskati, nikapelekwa Dar, nikarudi, nikaoa. Kila Idi nilimpigia kumsalimia. Kila Idi nilijiambia mwaka huu nitasema. Aliuliza mke, watoto, kazi, akanisahihisha neno moja au mawili, akaniombea dua, nami nikakata simu.

Majira ya baridi yaliyopita nilisikia amepasuliwa jicho, mtoto wa jicho. Alikuwa ameshastaafu. Nilimwendea asubuhi. Mkewe alinipokea mlangoni, nikamwamkia, akanivuta kando kabla sijavua viatu.

"Mwanangu, weye anakusikiliza. Yule sahibu yake wa Sur kafiwa na mkewe. Wiki tatu leo. Mie nimekwenda kuhani na binti yangu. Yeye kakataa. Nimesema mpaka nimechoka. Mtu mmekua naye, mkewe kazikwa, hendi kumpa mkono kwa sababu ya mpira?"

"Anasemaje?"

"Anasema yule alimtukania kijana wake. Eti hawezi kwenda mpaka aombwe radhi."

Kijana wake nilikuwa mimi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa ukingoni mwa mfereji wa maji unaopita kwenye shamba lao la migomba, miguu ndani ya maji, miwani myeusi machoni. "Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Njoo utie miguu, maji ya moto haya."

Nilikaa. Tukazungumza juu ya jicho lake. Akaniambia daktari kamkataza kuinama, kwa hiyo anasali kwenye kiti, na hilo linamuudhi. Nilimwacha amalize. Nikasema, "Kocha, ile mechi ya Sur. Mpira uliingia. Nilikudanganya."

Hakugeuka. Maji yalikuwa yakipita kati ya miguu yetu.

"Siku ile ulijua," akauliza, "au umekuja kujua nyuma?"

"Siku ile."

"Nilipokuuliza, ulijua."

"Naam."

Akatoa miguu majini. Alichukua kitambaa chake cha begani akaanza kuifuta, kidole kimoja kimoja, muda mrefu. Nilitaka anipige. Hatimaye akasema, "Mie nimemsusa mtu kwa neno lako." Alisema bila ya hasira, kama mtu anayesoma maandishi madogo na kutaka kuhakikisha kayasoma sawa. Kisha akasema, "Gari yako ina mafuta?"

Mkewe alitukimbilia na dawa ya matone na kanzu safi. Kocha alibadilisha ndani ya gari. Kutoka Birkat al Mauz mpaka Sur ni safari ya saa tatu. Tulipoipita Ibra nilidhani amelala nyuma ya ile miwani.

"Ungeniambia siku ya pili yake," akasema. "Ningekutukana, tungekwenda Sur, tungerudi, yangekwisha."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

"Wewe. Uliniuliza mbele ya watu wote."

Alifikiri. "Hilo kweli," akasema. "Mtu haulizwi vile. Nilikuwa nataka jibu moja tu, na wewe ulilijua. Hilo langu mie." Baada ya kidogo akaongeza, "Lakini la uwongo ni lako."

"Ni langu, Kocha."

Nyumba ya yule bwana ilikuwa mtaa wa nyuma, mbali na pwani, nyumba nyeupe ya ghorofa moja. Bintiye alitufungulia. Mwenyewe alikuwa amekaa barazani peke yake, amekonda, redio imewashwa na yeye haisikilizi. Alipomwona nani ameingia hakuinuka. Kocha alisimama mlangoni, mkono umeshika ukuta kwa ajili ya jicho lake.

"Adhama Allahu ajrak," akasema, akimpa pole ya msiba.

"Ahsante."

"Nimekuchelewea. Mkeo alinilisha miaka thelathini, na nimekuchelewea." Akapiga hatua moja ndani. "Jengine. Nilikuita mwongo mbele za watu. Hukuwa mwongo. Huyu kaniambia leo."

Yule bwana alinyoosha mkono akazima redio. "Mpira nnajua uliingia," akasema. "Nilikuwa nimesimama pale. Sikuhitaji mtu aje kunithibitishia." Akasogea kumpa nafasi. "Nilikuwa nakungojea wewe. Siku tatu za msiba, kila gari ikisimama nje nauliza nani. Kaa, bwana. Utaanguka."

Kocha alikwenda akakaa karibu yake, magoti yakagusana. Hawakukumbatiana. Baada ya muda yule bwana akamuuliza jicho gani limepasuliwa, na Kocha akavua miwani akamwonyesha, na yule akalitazama kwa makini, akasema limekaa vizuri.

Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa bado nimesimama. Nikaanza maneno niliyoyatengeneza njia nzima, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mie nimekusamehe," akasema. "Mie nimeshakuwa mzee, goli moja halinipunguzii kitu. Lakini goli halikuwa langu." Akachukua simu yake, akaiweka karibu na macho, akatafuta jina, akabonyeza, akanipa. "Ni la nambari tisa. Kawa mwalimu sasa, ana watoto. Kila mwaka huja kuniona, na kila mwaka huniuliza kama nilimwona vile alivyoruka."

Niliipokea simu nikatoka nayo uani. Ililia mara nne. Mtu akaitika kwa Kiarabu, akamsalimu kocha wake kwa furaha, akamuuliza hali yake. Nikamwambia si yeye, nikataja jina langu, kisha nikataja chuo chetu. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombea kitu, na mwanamke akiwanyamazisha.

"Golikipa," akasema.

"Naam," nikasema. "Ndiye mimi."